Vile nilipika mayai ya cucu bila sufuria

Wasee, mnajua ile baridi ya Julai Karatina, mpaka kuku anagoma kulalia? Cucu alikuwa na mayai 30 ya kienyeji, nami nikajitolea kumuundia inkubeta: sanduku la mbao, balbu, kipimajoto, bodi ya Arduino Uno na moduli ya laini ya simu. Kazi ni kushikilia nyuzi 37.5 kwa siku 21. Rahisi, si ndio?

Programu yangu ilipima joto, ikawasha au kuzima balbu, ikanitumia mesej, ikarudi mwanzo. Usiku wa siku ya 9 mtandao ukalala. Programu ikatuma mesej, ikakaa kungoja jibu. Ikangoja tu. Balbu inawaka, na hakuna anayepima joto.

Asubuhi ndani ilikuwa nyuzi 43. Cucu hakunigombeza. Aliyapasua moja moja nyuma ya nyumba, akiangalia vifaranga walikuwa wamefika wapi. Afadhali angenigombeza.

Nisingizie mtandao? Hapana. Mimi ndiye niliyeweka mesej na moto kwa foleni moja. Uno ina pini mbili, 2 na 3, ambazo zikiguswa na ishara, programu inaacha kila kitu na kushughulikia hiyo kwanza. Hiyo ndiyo interapti. Unachagua hata iamshwe na nini: ishara ikipanda, ikishuka au ikibadilika tu. Nikaunga swichi ya joto kwa pini 2.

Halafu ujuaji ukanishika. Nikaweka kutuma mesej ndani ya interapti yenyewe, na bodi ikaganda. Kumbe ukiwa mle ndani hesabu ya muda ya bodi husimama. Unafaa kuzima balbu, kuacha alama kwamba kuna shida, na kutoka mbio. Mesej itatumwa baadaye, na siku hizi nimeipa sekunde 10 tu za kungoja. Yai huvumilia kupoa kidogo, kuchemka, zii.

Kuna waliowaza haya kabla yangu. Java ya wakati halisi, lile pendekezo lililopewa namba JSR 1, hutenganisha tukio na anayelishughulikia. Tukio moja linaweza kuwa na washughulikiaji kadhaa, kila mmoja na kipaumbele na muda wake wa mwisho, na unaweza kuongeza au kutoa mmoja programu ikiendelea kukimbia. Nilipenda hiyo sana, kwa sababu bodi haijui kwamba yai la cucu ni kubwa kuliko mesej yangu. Lazima mtu aiandikie.

Saa hii kuna mayai mengine ndani, siku ya 12. Cucu bado anaamka saa tisa usiku na tochi kuyakagua. Sijamwambia aache.