Mlima unaozaa wingu kila asubui

Wewe unayekaa karibu na kariere, mavumbi unayajua. Katika kiangazi lori moja tu likipita, nguo zilizoanikwa zinageuka nyekundu. Basi twende pamoja kule mavumbi yanaweza kufunika dunia nzima: sayari Mars.

Tutafikia kwanza Arsia Mons, mlima wa moto wa zamani. Urefu wake ni karibu kilometa 18, sawa Nyiragongo 5 zikipandana! Simama upande wa magharibi mbele jua litoke. Pepo inagonga mlima, hewa inapandishwa kwa nguvu. Kule juu baridi ni kali sana, na unyevu kidogo uliomo unakuwa barafu laini. Wingu limezaliwa. Kwa saa mbili na nusu linavutwa kuelekea magharibi, zaidi ya kilometa 600 kwa saa moja, mpaka linaweza kufikia kilometa 1.800. Ndege ya Lubumbashi–Kinshasa haifiki umbali huo. Kisha linajikata na mlima, na jua linalimaliza. Kesho linarudi, tena na tena, kwa siku 80 hivi ao zaidi. Mwaka 2018 watu walidai mlima unatoa moshi. Hapana, ni pepo na umbo la mlima tu.

Tushuke kusini, katika shimo la Hellas: upana kilometa 2.300, kina zaidi ya kilometa 7. Mitelemko yake inapata moto muchana na baridi usiku, kwa hiyo pepo hazitulii, na tufani nyingi za mavumbi zinaanzia hapo. Chombo Mariner 9 kilipofika mwaka 1971, sayari yote ilikuwa imefunikwa. Paka vichwa vya milima mikubwa, Arsia kati yao, ndivyo vilionekana. Walingojea mpaka mwanzo wa 1972 ili kuchora ramani.

Tufani ya 2018 ilianzia kaskazini, katika nchi za chini ambamo pepo inapita kama maji katika mufereji. Ile masini Opportunity, iliyotumwa kwa siku 90 na kutumika zaidi ya miaka 14, iliishi kwa mwangaza wa jua. Mavumbi yakaziba jua. Sauti yake ya mwisho ilisikika tarehe 10 mwezi wa sita. Waliiita zaidi ya mara 1.000, mpaka mwezi wa pili 2019. Ingali kule, kwenye mutelemko wa bonde.