Kichwa Kinachonguruma Mchana

Jumatatu, 9 Februari 2026
Treni ya asubuhi imeshusha abiria, mabehewa yamerudi karakana saa 4. Mpaka saa 9 alasiri hakuna safari, lakini kichwa kinanguruma pale pale. Kichwa kikubwa cha dizeli kikisimama hivyo hunywa lita 10 hadi 20 kwa saa. Zidisha mara 5.

Na moshi wake ni mchafu. Injini isiyo na mzigo haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, masizi na mafuta yanajikusanya kwenye bomba. Jioni dereva akianza kuvuta mabehewa, uchafu wote unatoka kwa mkupuo, juu ya jukwaa lililojaa watu.

Jumatano, 11 Februari
Nimemuuliza mzee wa zamu kwa nini hatukizimi. "Fundi, kikigoma kuwaka, treni utaivuta wewe?" Ana haki. Nchi za baridi huacha injini ikiwaka kwa kuwa mara nyingi maji ya kupoozea hayatiwi dawa ya kuzuia kuganda. Yakiganda, yanapasua chuma. Sisi, kwa joto hili, tunaogopa nini? Betri zilizochoka, na upepo wa breki. Kompresa ikisimama, mipira inavuja, na kuujaza upepo upya kunakula muda. Nimepaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Behewa la tatu lilichemka kama sufuria ya maharage.

Moshi wetu, basi, una bei ya betri na mipira. Kwenye kikao nitalisema hilo, ingawa wakubwa huchangamka zaidi wakisikia vichwa vipya.

Jumapili, 15 Februari
Nimesoma habari za Metrolink ya Los Angeles. Karakana yao kuu iko kando ya mto, jirani na makazi, na majirani wamelalamikia sana moshi. Kule kichwa ndicho kinachowasha taa na viyoyozi vya mabehewa, kwa hiyo hata wakati wa usafi kilibaki kikiwaka. Dawa mojawapo: mabehewa yachomekwe umeme wa gridi, kichwa kizimwe. Kuanzia 2017 wakaingiza pia vichwa vya F125, vinavyotimiza Tier 4, kiwango kikali kuliko vyote cha Marekani cha moshi wa vichwa vya treni. Mimi ningeridhika na chaja ya betri ukutani.

Ijumaa, 20 Februari
Ramadhani. Mama mmoja wa usafi, akiwa na saumu yake, kaniambia, "Mwanangu, hata mate yana ladha ya dizeli." Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa WHO wanauhesabu moshi huu miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa. Sikumwambia. Nilimwomba dereva asogeze kichwa mwisho wa reli, upepo wa bahari uupeleke moshi ng'ambo ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta kuna nyumba za watu.

Jumatano, 25 Februari
Mipira imebadilishwa kwenye treni moja, chaja imefungwa. Kichwa kimezimwa saa 4:20, kimewashwa saa 8:40, kikaitika mara moja. Mzee hakusema kitu. Kaagiza tu cha pili kisizimwe mpaka betri zake zipimwe, seli kwa seli.