Risiti za Babu

Mama mkubwa ana risiti kumi na nne za kodi, amezifunga kwa uzi wa gunia. Ya zamani kabisa ni ya 1949. Ina jina la babu, Koboko, na shilingi alizolipa. Enzi hizo ulitembea nayo mfukoni. Ukikamatwa huna, unalala ndani. Babu alizitunza kuliko picha. Mwaka 1980, Amin ameshaanguka na jeshi jipya limeingia West Nile, alikimbilia Zaire nazo.

Sisi tumezaliwa huko, upande wa Aru. Vita vya huko vikaturudisha huku, tukaandikishwa Lobule kama Wakongo.

Lakini risiti haisemi mtu ni wa ukoo gani. Ndio nikapanda teksi mpaka Arua, halafu boda mpaka Ediofe, kwenye vitabu vya ubatizo. Vimeandikwa kwa Kilatini, na padre Mtaliano aliandika majina ya Kikakwa jinsi sikio lake lilivyosikia. Kwa jina la babu hatukupata kitu. Tulimpata kwa jina la mama yake. Pembeni, kwa wino mwingine, kuna ndoa yake na mwanamke ambaye si bibi yetu. Hilo nililifikisha nyumbani polepole.

Baba yake babu ndiye ananichekesha. Alikaa palepale Koboko: mpaka 1910 alikuwa chini ya Wabelgiji, kisha chini ya Sudani, na 1914 wakamwingiza Uganda. Serikali tatu, na yeye hajahamisha hata jungu.

Sasa kuna jambo la leo. Katiba ya Uganda ya 1995 inawataja Wakakwa kati ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Hata aliyezaliwa nje ni raia, kama mzazi au babu yake alikuwa raia wa kuzaliwa wakati yeye anazaliwa. Mdogo wangu aliposikia akaanza kuhesabu kazi atakazoomba. Mama mkubwa akasema, "Mwanangu, rudisha hizo karatasi. Wakijua sisi ni wa hapa, kadi ya mgao itabaki?"

Simlaumu. Kadi inalisha watu tisa, na kitambulisho hakipikwi. Ila watoto wetu watakuwa Wakongo wa Lobule mpaka lini, wakati baba wa babu yao amezikwa mwendo wa boda tu kutoka hapa?

Mwenyekiti wa LC1 anataka shahidi wa ukoo. Yule mke wa kwanza, kumbe, aliacha wajukuu, na wao ndio wanalima shamba. Nilipata namba ya mmoja. Salamu hazijaisha, akauliza, "Mnatafuta ardhi?"

Nikamwambia, "Hapana kaka, natafuta mtu wa kusema sisi ni nani."

Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza babu tulimzika wapi.