Kabla ya kukata waya wa antena

Mpenda redio wa Goma anayetaka kusikika kwenye megahezi 7 anahitaji waya wa karibu mita 20, na mara nyingi utaning'inia mita 5 au 6 tu juu ya lava. Kwa kimo hicho, programu ya kompyuta inaweza kumdanganya. MMANA-GAL ni nyepesi na ya bure, ila inapima ukinzani wa antena kana kwamba chini kumetandikwa bati. Lava kavu ni bati kweli? EZNEC, iliyo ya bure tangu 2022, na 4nec2 (hii inachosha kujifunza) zinafuata hesabu ya NEC-2, inayojua ardhi mbovu. Achore kwa MMANA, ahakikishe kwa EZNEC, ndipo akate. La sivyo, atarudi Birere kununua waya mwingine.