Miyombo ya Sikonge: Asali na Mwiba Wake

Atokaye Tabora mjini kuelekea Sikonge, mwendo wa kilomita 70 hivi upande wa kusini, huingia katika miyombo ambayo jicho halioni mwisho wake. Juu ya matawi huning'inia mizinga ya magogo na ya magome ya miti. Asali ya Unyamwezi ina sifa kubwa, na wengi wetu tuishio mijini tumeionja kabla ya kuiona nchi yenyewe.

Mfanyakazi apelekaye watoto likizo kwa babu yao huko yampasa kuwajua pia wenye asali. Nyuki wa miyombo ni wakali. Mmoja akiuma, huacha harufu ifananayo na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Moshi wa warina asali huifunika harufu hiyo.

Kwa watu wengi, kuumwa ni maumivu na uvimbe wa siku mbili tatu. Lakini wapo wachache ambao miili yao huipokea sumu hiyo vingine kabisa. Hali hiyo huitwa mzio mkali. Dakika chache baada ya mwiba mmoja tu, mwili mzima huwasha na kutoka vipele, midomo na koo huvimba, pumzi hubana, kichwa huzunguka. Mtu huyo aweza kufariki kabla ya kufikishwa zahanati.

Dawa yake ni adrenalini. Piritoni hupunguza mwasho, lakini haifungui koo lililoziba. Kwa hiyo matayarisho huanza mjini, kabla ya kukata tiketi ya treni. Aliyewahi kupatwa na dalili hizo amwone daktari, apewe adrenalini, naye pamoja na jamaa zake wafundishwe kuidunga katika msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo alichoagiza daktari kiandikwe na kukaa pamoja na dawa. Zichukuliwe dozi mbili, maana hali isipotengemaa baada ya dakika 5 huhitajika ya pili. Dawa isipigwe na jua wala joto; ikigeuka rangi ya kahawia haifai tena.

Mkifika kijijini, ulizeni mapema: zahanati ipo wapi, nayo ina adrenalini? Nani ana pikipiki? Simu hushika mahali gani?

Nyuki wakiuma, ondokeni hapo upesi, kisha ng'oeni mwiba bila kuchelewa, kwani kifuko chake huendelea kusukuma sumu. Dalili zikianza, dawa idungwe mara moja. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Pumzi ikimbana, aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa. Hata akipata nafuu apelekwe zahanati, kwa sababu dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Tuwafuate, ila tuwe tumejiandaa.