Kiboko Mgeni na Kobe Mzee



Wapendwa wanaparokia, wiki iliyopita, tukirejea kutoka Mombasa pamoja na wajumbe wa Halmashauri Walei, tulipitia maonyesho madogo katika ukumbi wa shule moja. Picha hazikufika ishirini, na maelezo yake yaliandikwa kwa mkono na wanafunzi. Tulidhani zingetuchukua dakika kumi. Tulikaa zaidi ya saa nzima.

Picha zilimhusu Owen, kiboko mtoto aliyepatwa na mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Mafuriko yalikuwa yamewasukuma viboko kutoka Mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Bahari ilipochafuka, alionekana yeye peke yake juu ya mwamba wa matumbawe, bila mama wala kundi. Wavuvi, askari wa wanyamapori na wageni walihangaika naye kwa saa nyingi kwa nyavu na kamba, wakamtoa, naye akapewa jina la mmoja wa waokoaji wake.

Alipelekwa Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya chokaa kabla ya kupandwa mivinje kuanzia mwaka 1971. Hapo alimkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Mzee hakufurahi. Alifoka, akajikokota kwenda zake. Owen akamfuata. Kulipokucha walikutwa wamelala pamoja. Owen alikuwa hagusi majani aliyowekewa. Alianza kula alipomwona Mzee akila kando yake.

Mbele ya picha hiyo ya majani, sote tulinyamaza.

Mnafahamu kwamba katika chumba cha stoo cha parokia yetu anaishi mama mmoja na wanawe watatu, ambao nyumba yao ilichukuliwa na mto. Miezi miwili sasa. Mnafahamu pia manung'uniko yaliyopo. Tukiwa njiani kwenda Mombasa tulikubaliana kwamba waondoke mwisho wa mwezi, na barua ilikwisha kuandikwa. Tulijiona hatuna deni, kwa kuwa tuliwapa unga, maharage na blanketi. Lakini tulipoulizana garini wakati wa kurudi, ilibainika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuketi na kula nao. Hata majina ya watoto hatukuyajua yote.

Ile tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Dominika ya Familia Takatifu, na Injili iliyosomwa ilihusu kukimbilia Misri. Tuliisoma asubuhi, wakati maji yakiwa tayari yamewafanya maelfu kuwa wakimbizi.

Hatudai kwamba kobe ni mtakatifu. Hakumwalika mgeni wake, na mwanzoni alimkimbia. Ila ilifika mahali akaacha kumkimbia, na hilo likatosha kuanzia.

Barua ile bado imo mezani, haijatumwa. Dominika hii, baada ya Misa ya pili, tutakula chakula cha mchana pamoja na familia hiyo chini ya mwembe, kisha tutaijadili upya. Kila jumuiya ilete alichojaliwa, na wanaonung'unika waje pia, maana nasi tulikuwa miongoni mwao.

Tuzidi kuombeana. Dominika njema.