Sita alipita motoni, dobi bado akasema

Hivi mwenzangu, mumeo akitaka upite motoni ndipo aamini hukumsaliti, utapita? Sita alipita. Ni mke wa Rama, mfalme ambaye Wahindu wanaamini ni mungu Vishnu aliyezaliwa binadamu. Kisa chao Ramanand Sagar alikifanya tamthilia, Ramayan, iliyoonyeshwa India kila Jumapili asubuhi kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988. Mitaa ilibaki mitupu, na wapo waliovisha televisheni zao mashada ya maua.

Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mimi niliiona kwenye kanda za video mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Bariadi, enzi hizo bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja 2012. Kihindi hatukijui, kwa hiyo kila mtu alijitafsiria. Sita ametekwa na Ravana, ameokolewa, sasa anaingia motoni kuthibitisha usafi wake. Bibi yangu, mkulima wa pamba, akauliza tu: "Na mwanaume naye kapimwa na nini?"

Swali hilo lilinirudia nikiwa mke wa mtu. Kazi yangu ya uhariri iko Mwanza, mume wangu yuko Bariadi, tunaonana wikiendi. Msimu mmoja wa pamba akaletewa maneno kwamba nina mtu. Akataka namba ya siri ya simu yangu. "Mke wangu, kama huna kitu unaogopa nini?"

Nikamuuliza: ukikuta meseji za mama na za kazini tu, utaamini, au utasema nimefuta? Kimya. Nikamkumbusha Sita. Anatoka motoni mzima, wanarudi Ayodhya, Rama anatawala. Halafu, kwa masimulizi yanayojulikana sana, dobi mmoja anapayuka kwamba yeye si Rama, hawezi kumpokea mke aliyelala kwa mwanaume mwingine. Sita, mjamzito, anapelekwa msituni.

Najua waumini wana maelezo yao. Tulsidas, mshairi wa karne ya 16, anasema aliyetekwa alikuwa kivuli, na moto ulimrudisha Sita halisi. Heshima kwao. Lakini kwa sisi wa ndoa za kawaida, somo ni kwamba moto haukumtosha dobi. Na kila mji una dobi wake, Ayodhya hata stendi ya Bariadi. Ukitoa namba ya siri leo, kesho utaombwa kingine.

Simu yangu hakuichukua. Tulikubaliana jambo moja: neno ulilosikia kuhusu mwenzako, lilete siku hiyo hiyo, pamoja na jina la aliyelisema. Hilo la jina ndilo dawa. Wapeleka maneno wengi wanapenda kusema, wachache wanapenda kutajwa. Wikiendi zetu sasa zina amani. Jaribuni na nyinyi, kabla hamjawasha moto.